Ni tundu moja la pua, au yote mawili?

Kwa muda wa mwaka mzima, shangazi yangu wa Kibokoni, Mji wa Kale, alikuwa akisikia uvundo ambao hakuna mwingine nyumbani aliyeusikia. Asubuhi akiamka, uvundo. Jioni akikaa barazani na kikombe chake cha kahawa chungu, uvundo. Kwanza alilaumu mtaro wa jirani. Kisha akasema ni panya aliyefia darini, juu ya boriti. Wajukuu wakapanda, wakatafuta, wakashuka na vumbi kichwani na mikono mitupu. Samaki akapigwa marufuku kukaangwa ndani. Udi na ubani vikawa vinafukizwa mara mbili kwa siku, chetezo kikizungushwa chumba hadi chumba, na bado uvundo ulikuwa palepale.

Watu wakaanza kunong'ona. Mmoja alisema huenda ni jini. Mwingine akasema ni uzee umeanza kumpanda kichwani. Siku moja nilipokwenda kumwamkia, shangazi aliitikia kwa upole kisha akaniambia, "Marahaba, mwanangu. Mie si mwehu. Harufu naisikia. Nyinyi ndio hamna pua."

Msomaji mpendwa, shangazi hakuwa mwehu na wala hapakuwa na panya. Uvundo ule ulikuwa unatoka ndani ya shavu lake mwenyewe la kushoto, chini kidogo ya jicho, mahali ambapo kuvu ilikuwa imejikusanya ikawa donge. Amenipa ruhusa nisimulie kisa chake kwa sharti moja, kwamba jina lake lisionekane gazetini.

Miaka mitatu ya vidonge

Kabla ya uvundo palikuwa na mafua. Ndivyo sote tulivyoyaita. Tundu la kushoto la pua lilikuwa limeziba kwa muda wa miaka mitatu, mara likitoa makamasi mazito, mara yakimteremkia kooni usiku na kumfanya akohoe. Shavu lilimuuma akiinama kusali au kufagia. Kwa kuwa Mombasa ni mji wa unyevu, na kila nyumba ina mtu mwenye mafua msimu wa masika, hatukuona ajabu.

Katika muda huo alimeza vidonge vya kila rangi. Kuna duka moja la dawa alilolizoea, ambako alikuwa akieleza tu kwamba "mafua yamerudi," naye muuzaji akimfungia kapuli za rangi mbili za siku tano, bila cheti cha daktari. Sheria ya Kenya inataka dawa hizo ziuzwe kwa cheti, lakini sote twajua mambo yalivyo. Zahanati moja ilimwambia ni aleji ikampa dawa ya kudondoshea puani. Alipoitumia dawa hiyo mfululizo kwa miezi, pua ikazidi kuziba.

Mwishowe, alipopelekwa kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo, mambo yalibadilika kwa swali moja tu. Daktari, kijana wa umri wa kuwa mwanawe, alimsikiliza hadi mwisho kisha akamwuliza, "Mama, ni tundu moja la pua linaloziba, au yote mawili?"

"Moja tu, mwanangu. La kushoto. Tangu mwanzo."

"Na meno ya juu upande huo? Umewahi kutibiwa jino?"

Shangazi alishangaa. Naam, miaka mingi nyuma aliwahi kuzibwa gego la juu, upande uleule wa kushoto.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini shangazi hakuficha chochote. Alilalamika kila siku, kwa kila aliyekubali kumsikiliza. Kosa lilikuwa letu sisi tuliomzunguka, na la wale waliompa dawa, kwani katika miaka mitatu hakuna aliyemwuliza swali hilo jepesi.

Vyumba vilivyomo usoni

Ili tuelewe yaliyompata shangazi, hatuna budi kujua kwanza jinsi uso ulivyojengwa. Ndani ya mifupa ya uso mna vyumba vya hewa viitwavyo sainasi. Viko jozi nne. Vikubwa zaidi vimo mashavuni, vingine vimo katika paji la uso juu ya nyusi, vingine vidogo vidogo kama sega la nyuki vimo kati ya macho, na vya mwisho vimejificha nyuma kabisa, chini ya ubongo.

Kila chumba kina mlango wake unaofungukia puani, nao ni mwembamba mno, wa milimita chache tu. Kuta za ndani zimetandikwa utando laini wenye vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Kazi ya vinyweleo hivyo ni kufagia makamasi kuelekea mlangoni, usiku na mchana. Katika chumba cha shavuni mlango uko juu, karibu na dari, kwa hivyo makamasi hayateremki yenyewe. Hulazimika kupandishwa kama maji yanayovutwa kisimani.

Mlango huo ukiziba, kwa mafua, kwa mzio au kwa nyama zinazoota puani, chumba hugeuka kuwa kama ghala ya Mji wa Kale iliyofungwa madirisha wakati wa masika. Mna giza, joto na unyevu. Kila mwenye nyumba ya mawe na chokaa hapa Mvita anajua kinachofuata. Koga hushika.

Kuvu, au fangasi kama wengi wanavyosema, huenea kwa chembe ndogo mno zinazopeperuka hewani. Zimo katika vumbi, katika majani yaozayo, katika nafaka na katika kuta zenye unyevu. Mimi nawe tunazivuta kila siku na mwili huzitoa bila sisi kujua. Kwa hivyo asije mtu akahama nyumba yake kwa hofu. Mashaka huanza pale chembe hizo zinapokwama mahali pasipofagiwa, au zinapoukuta mwili ambao kinga yake imedhoofika.

Kuvu za namna nne

Madaktari hugawa maradhi ya kuvu katika sainasi kwa mafungu manne makuu, na ni muhimu kuyatofautisha kwa sababu matibabu yake hayafanani.

Fungu la kwanza ni donge la kuvu, lile lililompata shangazi. Kuvu hujikusanya ndani ya chumba kimoja, mara nyingi cha shavuni, bila kuingia katika nyama ya mwili. Huwapata zaidi watu wa makamo na wazee, hasa wanawake. Mizizi ya magego ya juu iko karibu sana na sakafu ya chumba cha shavuni, na mara nyingine dawa ya kuzibia jino hupenya ikaingia humo na kuwa kiota cha kuvu. Ndiyo maana daktari aliuliza habari ya meno. Dawa ya donge si vidonge. Ni kulitoa. Likishatoka lote, na maabara ikithibitisha kuwa kuvu haikuingia katika nyama, kwa kawaida mgonjwa hahitaji hata dawa ya kuvu.

Fungu la pili ni la mzio. Hili huwapata zaidi vijana, wakiwemo wanafunzi, hasa wale wenye pumu au aleji za tangu utotoni. Mwili huichukia kuvu iliyomo ndani ya sainasi na kuipiga vita kupita kiasi. Matokeo yake ni makamasi mazito yanayonata kama siagi ya njugu, na vinyama laini mithili ya zabibu vinavyoota puani. Mgonjwa hupoteza uwezo wa kunusa. Hufanyiwa upasuaji wa kusafisha, kisha hutumia dawa ya kupuliza puani na kuosha pua kwa maji ya chumvi kwa muda mrefu, kwani maradhi haya yana tabia ya kurudi.

Fungu la tatu huenda polepole lakini huingia ndani ya nyama na mfupa. Shavu huvimba, jicho husukumwa nje kidogo kidogo kwa miezi au hata miaka. Jirani zetu wa Sudan wanalijua vyema, na madaktari wa huko wamekuwa wakiandika habari zake tangu miaka ya 1960. Huonekana pia India, Pakistan na Saudia. Mara nyingi kuvu inayohusika ni ile iitwayo aspajilasi flavasi. Jina hilo huenda ni geni kwako, lakini kazi yake Wakenya tunaijua. Ni jamii ya kuvu iliyoota katika mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu mwaka 2004 katika wilaya za Makueni na Kitui, ikayatia sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 wakafa. Wale walikula sumu, na habari yao ni mbali na ya pua. Naikumbusha tu ili tusiidharau kuvu kwa kudhani kuwa ni uchafu wa ukutani.

Fungu la nne ndilo la kuogopwa kuliko yote. Huja ghafla na huweza kuua katika muda wa siku chache. Huwaandama watu wenye kisukari kisichodhibitiwa, wenye saratani ya damu, waliopandikizwa viungo, na waliotumia dawa za steroidi kwa wingi. Kuvu huingia katika mishipa ya damu na kuiziba, na nyama inayokosa damu hufa.

Dunia ilishuhudia jambo hili mwaka 2021. Wimbi la pili la korona lilipoikumba India, wagonjwa wengi wenye kisukari walipewa steroidi, wengine wakizinunua wenyewe bila kusimamiwa. Sukari ikapanda, kinga ikashuka, na ugonjwa uitwao mukomaikosisi ukazuka. Kufikia Julai mwaka huo serikali ya India ilikuwa imeandikisha wagonjwa zaidi ya 45,000. Magazeti yaliuita "kuvu nyeusi," ingawa kwa hakika weusi ule ulikuwa wa nyama iliyokufa. Wengi waliondolewa jicho ili kuokoa maisha.

Nimelitaja jambo hili kwa sababu kisukari si kigeni katika nyumba zetu. Shangazi mwenyewe anacho. Ni bahati yake kwamba kuvu yake ilikuwa ya fungu la kwanza. Mwenye kisukari akipatwa na maumivu makali ya uso upande mmoja, ganzi ya shavu, jicho kuvimba au kuona vitu viwili viwili, au kipele cheusi puani au kwenye kaakaa, asingoje kesho. Apelekwe hospitali kubwa saa ileile, hata kama ni usiku wa manane.

Mbona antibiotiki hazikusaidia?

Wasomaji wengi hudhani kwamba antibiotiki ni dawa ya kila kitu chenye usaha au makamasi. La hasha. Antibiotiki huua bakteria. Hazigusi virusi, ambavyo ndivyo viletavyo mafua ya kawaida, na wala haziui kuvu. Wakati mwingine mgonjwa wa kuvu hupata nafuu kwa siku chache, kwa kuwa bakteria waliovamia juu ya kuvu wamepungua. Nafuu hiyo humdanganya. Dawa ikiisha, mambo hurudi, naye hurudi dukani. Kila mara anapofanya hivyo, bakteria waliobaki hujifunza kuishinda dawa, na siku atakapoihitaji kwa nimonia huenda isifue dafu.

Dawa za kudondoshea ambazo hufungua pua mara moja nazo zina masharti. Zikitumiwa zaidi ya siku tano hadi saba, pua huzizoea, na zikikatika huziba kuliko mwanzo. Ndiyo yaliyomfika shangazi katika ile zahanati.

Upande mmoja katika maradhi mengine

Swali la daktari limenifunza jambo ambalo ningependa kila mzazi alikumbuke. Mafua ya kawaida na aleji havichagui upande. Huziba huku, kisha kule, kisha kote. Jambo likikaa upande mmoja tu, na likaendelea kwa majuma, lina sababu yake ya upande huo.

Kwa mtoto mdogo, tundu moja la pua linalotoa usaha wenye kunuka karibu kila mara lina kitu ndani. Ni ushanga, punje ya haragwe, au kipande cha sifongo alichokichomoa kwenye godoro. Usijaribu kukitoa kwa kibanio cha nywele, maana utakisukuma ndani zaidi. Na ikiwa kilichoingia ni betri ndogo ya duara, kama zile za saa au za vidude vya kuchezea, hiyo ni dharura. Huunguza nyama ya pua katika muda wa saa chache tu.

Kwa mtu mzima, damu inayotoka mara kwa mara katika tundu moja, au sikio moja linaloziba bila sababu, au uvimbe usiouma shingoni, huhitaji daktari aangalie nyuma ya pua. Saratani ya sehemu hiyo ipo nchini Kenya na huwapata hata vijana. Ikigunduliwa mapema hutibika. Muhina wa kawaida, yaani damu ya puani inayomtoka mtoto siku za joto, hauhitaji hofu. Mwinamishe mbele, asiangalie juu, umbane sehemu laini ya pua kwa dakika kumi bila kuachia.

Sikio nalo hushikwa na kuvu, tena sana katika miji ya joto na unyevu kama wetu. Vijana wanaojitupa baharini kila alasiri, na wanafunzi wanaoshinda na vispika masikioni, wanaifahamu dalili yake ya kwanza. Ni mwasho mkali usiokwisha. Baadaye sikio huziba na kutoa kitu kama karatasi iliyolowa, pengine chenye madoa meusi. Wengi huchokoa kwa vijiti vya pamba, njiti za kiberiti, hata funguo. Ngozi huchubuka na kuvu hupata shamba. Dawa ya matone yenye antibiotiki huweza kuizidisha. Tiba yake ni kusafishwa na mtaalamu, kutiwa matone ya kuua kuvu kama klotrimazoli, na kuliweka sikio kavu. Nta ya sikio si uchafu. Ni ulinzi, na hutoka yenyewe.

Mtoto ambaye sikio lake linatoa usaha kwa zaidi ya majuma mawili asitiwe mafuta ya moto, wala maji ya kitunguu saumu, wala maziwa ya mama. Huenda ngoma ya sikio imetoboka, na akiachwa hivyo husikia kwa shida, mwalimu akamdhania mjinga au mtukutu. Kumnyonyesha mtoto akiwa ameinuliwa kichwa, kutovuta sigara nyumbani, na kukamilisha chanjo, ikiwemo ile ya nimonia iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011, hupunguza maradhi haya.

Kuhusu koo nitasema mawili tu. La kwanza ni mafindofindo. Mengi huletwa na virusi na huondoka yenyewe, lakini yale ya bakteria, yakirudiarudia bila tiba kwa watoto wa umri wa kwenda shule, huweza kuharibu moyo. Hapo antibiotiki zina kazi, mradi daktari ndiye aliyeziandika na zimalizwe zote. La pili ni kukata kimio. Bado wapo wanaowapeleka watoto wenye kikohozi kwa mafundi wa kukata. Kimio hakileti kikohozi. Wembe ule huleta damu isiyokatika, pepopunda na virusi vya Ukimwi.

Nyumba zetu na unyevu

Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na wazee walikuwa na sababu. Chokaa huruhusu ukuta kupumua. Siku hizi tunapiga lipu ya saruji juu ya matumbawe na kumalizia kwa rangi ya mafuta, kisha tunashangaa koga ikizuka chini ya rangi. Unyevu umefungiwa ndani. Mwenye uwezo arudie chokaa. Asiye na uwezo afungue madirisha asubuhi, azibe paa linalovuja, aanike magodoro juani, na asikaushe nguo katika chumba anacholala mwenye pumu.

Moshi wa udi na ubani ni sehemu ya maisha yetu, nami siwezi kuthubutu kuwaambia akina mama wauache. Lakini moshi ni moshi. Huchoma utando wa pua na kifua. Kama kuna mtoto wa pumu au mgonjwa wa sainasi, fukiza akiwa nje, ukiwa umefungua madirisha.

Ufanye nini?

Mafua yakipita siku kumi bila nafuu, au yakipungua kisha yakarudi kwa nguvu, mwone daktari. Kabla ya kwenda, jiulize mambo haya na uyaandike kwenye karatasi. Ni tundu moja au yote mawili? Yalianza lini? Kuna harufu mbaya ambayo wengine hawaisikii? Nina kisukari, pumu, au jino lililotibiwa? Nimekwisha kumeza dawa gani, na mara ngapi?

Hapa kisiwani si lazima kukimbilia kwa bingwa moja kwa moja. Wapo pia maafisa wa kliniki waliosomea masikio, pua na koo, ambao huweza kukutazama kwanza na kukuandikia barua ya rufaa. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Coast General, ambayo wengi wetu bado tunaiita Makadara, ndiyo kubwa ya umma katika Pwani nzima. Daktari akitaka upigwe picha ya CT, uliza kwanza gharama na kama bima yako inalipia. Tangu Oktoba 2024 ni SHA iliyochukua nafasi ya NHIF, na ni heri kuhakikisha umesajiliwa kabla hujaugua.

Ukiambiwa uoshe pua, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Usitumie ya mfereji wala ya kisima yakiwa mabichi.

Shangazi sasa

Kabla ya upasuaji, madaktari waliishusha kwanza sukari ya shangazi. Kisha walipitisha kamera nyembamba katika tundu la pua, wakapanua mlango wa kile chumba na kulitoa donge. Uso wake haukukatwa hata kidogo. Alichokitoa daktari kilikuwa cha rangi ya kahawia na kijani kilichofifia, kikimeguka kama udongo wa mfinyanzi. Maabara ilithibitisha kuwa ni kuvu na kwamba haikuingia katika nyama.

Juma lililopita nilimkuta barazani, amevaa kikuba cha asumini. Nilipomwamkia aliuliza kama nasikia harufu. Nikashtuka, nikadhani uvundo umerudi.

"Asumini, mwanangu," akasema huku akicheka. "Wala usinitazame hivyo. Leo sote tuna pua."

Yule muuzaji wa dawa bado yupo dukani kwake, na kapuli za rangi mbili bado zipo. Ukienda kwake, au ukienda kwa daktari, au ukimsikia mzee wako akilalamika juu ya mafua yasiyokwisha, kumbuka kuuliza lile swali.

Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya magego na kwa nini si kila jino linalouma ni la kung'olewa.